Milioni moja na nusu, shamba la Muheza na ufukwe wa Tanga: detekta ipi ya sarafu za kale?

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Tanga mjini. Shamba la marehemu babu yangu liko Muheza, limepakana na mahali palipokuwa na kambi ya manamba wa mkonge. Tukilima huibuka senti za tundu, vifungo vya shaba, na mara moja tulipata heller, ile sarafu ndogo ya wakati wa Mjerumani. Nataka kununua mashine ya kutafutia sarafu na vitu vya kale, niitumie shambani na wikendi ufukweni. Nina milioni moja na nusu. Jamaa mmoja ananiuzia GPX 5000 iliyotumika kwa bei hiyo hiyo, anasema ndiyo mashine ya wachimbaji wa Chunya. Fundi mwingine ana mashine ya antena mbili, anadai inasoma dhahabu tu, mita kumi kwenda chini, na itatuonyesha sanduku la Mjerumani ambalo babu alikuwa akilitaja. Ipi ya kuamini? Na je, serikali haitanisumbua?"*

Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla pesa haijatoka mfukoni, kwa sababu katika mashine mbili ulizotajiwa, moja haifanyi kazi kabisa, na nyingine hata ikiwa halisi si ya kazi yako. Pesa uliyonayo inatosha kupata detekta nzuri ya sarafu. Ila lazima uichague kwa kuangalia udongo wako na takataka zilizomo, uachane na hizi hadithi za mita kumi.

Nianze na antena, maana hizi ndizo zinazowamaliza watu wetu. Fimbo mbili haziwezi kuhisi dhahabu kutoka mbali. Zinageuka kwa sababu kiganja kinainama kidogo sana bila mshikaji kujua, na ndiyo maana hata fundi mwenyewe anaweza kuwa anaamini anachokuuzia. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimhukumu James McCormick kifungo cha miaka 10 kwa kuuza kifaa cha antena kilichoitwa ADE 651. Alikiuza hadi kwa vikosi vya usalama vya Iraq kama kifaa cha kutambua mabomu, na chanzo chake kilikuwa kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Ndani hapakuwa na kitu chochote cha kutambua chochote. Huyo fundi wako mjaribu hivi: panga ndoo kumi uani, ficha pete ya dhahabu chini ya moja wakati yeye hayupo, kisha aliyeficha aondoke kabla fundi hajaingia. Rudia mara kadhaa. Akikataa jaribio hilo, umeshapata jibu.

Usipoteze bando pia kwa programu za simu zinazojiita vigunduzi vya dhahabu. Simu ina kihisi cha usumaku kwa ajili ya dira, basi. Kinaweza kushtuka ukikisogeza karibu na chuma, lakini dhahabu, fedha na shaba hazina sumaku ya kukishtua.

Detekta halisi inafanya kazi tofauti kabisa. Kwenye ile sahani ya chini, tunayoiita koili, kuna waya uliozungushwa unaopitishiwa umeme unaobadilika mara maelfu kwa sekunde, na umeme huo unatengeneza uga wa sumaku, yaani eneo la nguvu ya sumaku, unaoingia ardhini. Uga ukikutana na sarafu, unaamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya sarafu yenyewe, na mikondo hiyo nayo inarudisha uga wake dhaifu unaosikika kwenye waya wa pili wa koili. Jibu hilo linachelewa kidogo, na kiasi cha kuchelewa kinategemea aina ya metali, unene wake na umbo lake. Kutokana na ucheleweshaji huo mashine inakupa namba kwenye kioo na mlio mzito au mwembamba. Rupia ya fedha itatoa namba ya juu, senti ya nikeli namba ya chini, na msumari kwa kawaida utaangukia upande wa chuma.

Hapo utaona kwa nini hakuna detekta inayosoma dhahabu tu. Mashine haijui jina la metali, inapima tabia yake ya umeme. Pete nyembamba ya dhahabu na kipande cha karatasi ya alumini ya sigara vinaweza kutoa namba ile ile. Kopo la soda lililozama chini kidogo linaweza kusomeka kama sarafu kubwa ya fedha. Atakayekuahidi kwamba hutachimba takataka anakudanganya.

Kina nacho kina hesabu yake. Uga unadhoofika ukienda chini, na jibu la sarafu linadhoofika tena likirudi juu. Kwa kitu kidogo kama sarafu, ukiongeza umbali mara mbili, mlio unaorudi unapungua hadi karibu sehemu moja ya sitini na nne. Ndiyo sababu mashine ya dola 300 na ya dola 1,500 zinakaribiana sana kwa kina: sarafu ya ukubwa wa heller huonekana vizuri kati ya sentimita 15 na 25 kwenye udongo mpole, na pungufu ya hapo kwenye udongo mkali. Kitu kikubwa kama sufuria au sanduku la chuma kitasikika kwa kina zaidi, pengine kufikia mita moja. Mita kumi sahau.

Sasa GPX. Hiyo ni mashine ya heshima, na wachimbaji wa Chunya na Geita wana sababu nzuri ya kuipenda. Inatuma mapigo mafupi ya umeme badala ya wimbi linaloendelea, kwa hiyo haisumbuliwi sana na madini ya udongo na inafika chini zaidi kwa kipande cha dhahabu. Udhaifu wake uko kwenye chuma: uwezo wake wa kukitenganisha na metali nyingine ni mdogo. Porini kwenye mkondo wa dhahabu hilo linavumilika. Kwenye kambi ya manamba, ambako miaka mingi watu walipigilia mabati, walivunja majembe na kutupa makopo, utachimba misumari mpaka uichukie kazi. Halafu kuna bei. GPX 5000 halisi ni mashine ya maelfu ya dola. Inayouzwa milioni moja na nusu inanipa wasiwasi mkubwa kwamba ni ya bandia, na kampuni ya Minelab yenyewe imeshatoa tahadhari kuhusu nakala bandia za mashine zake. Ukitaka kuhakikisha, chukua namba ya mashine na uithibitishe kwa mtengenezaji kabla hujalipa hata shilingi.

Mashine inayokufaa iko kwenye kundi la kati, zile zinazouzwa kama dola 250 hadi 400 madukani nje ya nchi. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, na utakuwa umekaribia bajeti yako. Ndani ya kundi hilo kuna mambo matatu ninayotaka uyatazame, na la kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote.

Udongo mwekundu wa Muheza una rangi hiyo kwa sababu ya oksidi za chuma, na baadhi ya oksidi hizo zina usumaku. Kwa detekta, ardhi yote inakuwa inapiga kelele. Ukiinua na kushusha koili mahali pasipo na metali, utasikia mlio ukipanda na kushuka, na sarafu iliyo sentimita 18 inazama ndani ya kelele hiyo. Dawa yake ni kusawazisha ardhi: unaiambia mashine sauti ya udongo huo ni ipi ili iiondoe. Mashine ya kununua ni ile inayokuwezesha kufanya hivyo mwenyewe kwa kubonyeza kitufe huku ukipampu koili juu chini, au yenye uwezo mzuri wa kufanya hivyo peke yake. Garrett ACE 300 na 400, kwa mfano, ni mashine nyepesi na imara, lakini usawazishaji wake umewekwa kiwandani na huwezi kuugusa. Kwenye mchanga mkavu zinafaa. Kwenye shamba lako singezichagua.

Ufukweni adui anabadilika. Mchanga mkavu wa juu hauna tatizo, mashine yoyote itafanya kazi. Lakini mchanga uliolowa maji ya bahari unapitisha umeme, na detekta ya masafa mamoja, yaani ambayo umeme wa koili yake unabadilika kwa kasi moja tu, inaanza kupiga milio ya uongo kila wimbi linapopita juu ya koili. Unaweza kupunguza nguvu mpaka inyamaze, ila hapo kina nacho kinaondoka. Mashine zinazotuma masafa mengi kwa wakati mmoja zinalinganisha majibu yake na kuitambua chumvi. Hilo ndilo linalofanya masafa mengi yawe na thamani kwa mtu wa pwani kuliko kwa mtu wa Tabora.

Jambo la tatu ni misumari. Sarafu ikilala karibu na msumari, mashine inayofikiri polepole huusikia msumari, na koili inapita juu ya sarafu kabla haijapata pumzi ya kuisikia. Tafuta mashine inayorudi haraka baada ya kila mlio, na ikiwezekana upate koili ndogo ya pili. Koili kubwa inafunika eneo pana na kufika chini zaidi, lakini kwenye kambi ya zamani itakuwa imebeba misumari mitano kwa wakati mmoja. Koili ndogo inapenya katikati yake. Watu hawapendi kusikia hili kwa sababu koili kubwa inaonekana ya maana zaidi mkononi, lakini mahali penye chuma kingi, ndogo ndiyo inayotoa sarafu.

Kwa majina: Nokta Simplex Ultra inatumia masafa ya kilohezi 15 (mara elfu 15 kwa sekunde), inazama majini hadi mita 5, na inakuruhusu kusawazisha ardhi mwenyewe. Minelab X-Terra Pro nayo inazama mita 5, na unachagua kati ya kilohezi 5, 8, 10 na 15. Hiyo inasaidia, maana masafa ya chini hupendelea sarafu kubwa za fedha na shaba, na ya juu hupendelea vitu vidogo. Zote mbili ni imara kwa shamba, lakini zina masafa mamoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kwenye mchanga wa bahari uliolowa zitakusumbua. Minelab Vanquish 440 na 540 zinatuma masafa mengi pamoja, zinatulia ufukweni, na zinatumia betri za kawaida za AA unazozipata duka lolote la kijijini. Kasoro yake ni kwamba koili tu ndiyo inayovumilia maji, kisanduku cha juu hakivumilii, na usawazishaji wa ardhi inaufanya yenyewe bila wewe kuugusa. Ngazi ya juu yake kuna Nokta Legend na Minelab Equinox, ambazo zinaunganisha karibu mambo yote haya, lakini mpya zitavuka bajeti yako ukishalipa ushuru.

Ningekuwa na shamba lako na ufukwe wako, ningenunua Vanquish 540 ile inayouzwa pamoja na koili ndogo. Kama ufukwe ni wa mara mojamoja na moyo wako uko Muheza, basi Simplex Ultra, kwa sababu ya kile kitufe cha kusawazisha ardhi. Tofauti kati ya hizo mbili kwenye shamba si kubwa ya kukukosesha usingizi.

Pesa yote usiimalizie kwenye mashine. Bakiza ya pinpointa, kile kifimbo kifupi unachoingiza ndani ya shimo kikuonyeshe sarafu iko upande gani. Bila hicho utavunja bonge moja moja la udongo mwekundu kwa vidole, huku sarafu yenyewe ina rangi ya udongo, na jembe litaikwaruza kabla hujaiona. Ongeza spika za masikioni na sepetu ndogo yenye ncha. Ukibana matumizi, heri ushuke hadi Vanquish 440 na uwe na pinpointa kuliko kuwa na 540 peke yake.

Ukiletewa mashine, ijaribu kabla ya kulipa. Chukua senti kumi ya tundu ya wakati wa Mwingereza, ambayo ni shaba nyeusi, uifukie sentimita 15 kwenye udongo wa kwenu, upitishe koili kutoka pande mbili. Namba inapaswa kurudi karibu ile ile kila unapopita. Halafu weka msumari wa inchi tatu kiganja kimoja pembeni, usikilize kama sarafu bado inasikika. Mia tano yetu ya sasa isikupe jibu, hiyo ni chuma kilichovikwa nikeli na mashine inaweza kuisoma kwa namna ya ajabu.

Kuhusu utakachopata, kambi za manamba ni mahali pazuri kweli. Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, na mashamba yaliwalipa watu mishahara kwa sarafu ndogondogo, zilizodondoka dukani, kwenye ngoma na chini ya miembe. Tarajia heller za shaba za kuanzia 1904, heller 10 zenye tundu, na zile heller 5 kubwa za 1908 na 1909 zinazojaza kiganja. Ukibahatika, heller 20 za 1916 zilizogongwa Tabora vita vikiwa vimepamba moto, zenye herufi T na sura mbaya mbaya ya kazi ya haraka. Mimi nazipenda kuliko rupia. Juu yake zitakuja senti za tundu na shilingi za Afrika Mashariki, ambazo toka 1921 hadi 1946 zilikuwa na robo ya fedha. Rupia moja ya Mjerumani ina fedha safi kama gramu 10.7, na bei yake inategemea mwaka na hali yake. Wale wanaotangaza kununua rupia kwa mamilioni kwa sababu eti ina nguvu fulani ni matapeli, na mwisho wa mazungumzo wao ndio wanaoomba pesa.

Serikali sasa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, inakataza kuvitafuta au kuvichimba bila leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, na inakutaka utoe taarifa ukivikuta kwa bahati. Vitu vya baada ya hapo navyo vinaweza kutangazwa kuwa vya kulindwa. Heller haiko kwenye kundi la 1863, lakini detekta haijui mwaka, na pwani yetu ina sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zenye umri wa karne nyingi. Kwa hiyo magofu ya Tongoni, kisiwa cha Toten na gofu lolote la msikiti au makaburi ya kale, usikanyage na mashine. Naliona hili kuwa jambo zito kuliko uchaguzi wa mashine yenyewe. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, zenye majina ya watawala wa hapo hapo, na historia ya pwani ikaongezeka kurasa kwa sababu ilijulikana zilikutwa wapi na pamoja na nini. Zikichimbwa usiku na kuuzwa moja moja, zinabaki vipande vya metali.

Kabla hujanunua, nenda kwa afisa utamaduni wa wilaya Muheza, umweleze shamba ni la familia, lilipakana na kambi gani, na unataka kufanya nini. Akuelekeze kwa ofisi ya Malikale, yaani ya mambo ya kale, upate jibu la maandishi. Mwambie mwenyekiti wa kijiji pia, kwani mtu anayezunguka na mashine shambani hugeuka habari ya mali ya Mjerumani kijiji kizima kabla jua halijazama, na wezi nao husikia. Ukivuka mpaka kuingia eneo la shamba la mkonge, omba ruhusa ya mwenye shamba.

Sanduku la babu nalo nisilikwepe, najua lina uzito kwenu. Kama lipo, ni la chuma na halikuzikwa zaidi ya mita moja hivi kwenda chini, hata Vanquish ikizimwa uchujaji wa chuma inaweza kulisikia kama mlio mpana usioisha haraka. Piteni polepole sehemu aliyoitaja, kwa mistari, mkiweka kamba. Mkikosa, msichimbe mashimo kwa maneno ya mganga wala ya fundi wa antena. Watu wamefukiwa na mashimo hayo.

Mlio mkubwa wa chuma una tahadhari yake. Novemba 1914 Tanga ilikuwa uwanja wa vita, na risasi na makombora ya wakati ule hayajaisha ardhini. Ukifukua kitu cha chuma kizito chenye umbo la chupa au yai, au rundo la risasi ambazo hazijapigwa, simama hapo hapo. Usikigonge, usikitingishe, usikibebe kwenda nacho nyumbani kuwaonyesha watoto. Weka alama, ondoa watu, piga simu polisi, wao watawaita wanajeshi wanaohusika. Kutu haipunguzi hatari ya baruti, huiongeza.

Sarafu zenyewe ukizipata, ziloweke kwenye maji safi udongo ulegee, uzikaushe kwa kitambaa laini, uziweke kila moja kwenye bahasha yake na uandike ilipotoka na kina chake. Ndimu, majivu na dawa ya meno viache jikoni. Heller iliyosuguliwa hadi ikang'aa imeshapoteza thamani yake kwa mkusanyaji. Ukiona maandishi ya Kiarabu usiyoyafahamu, ipige picha pande zote mbili, acha kuchimba mahali hapo, na uipeleke ofisi ya Malikale au Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam kabla ya kumwonyesha mnunuzi yeyote. Ikiwa ni ile ya Sultan Barghash ya mwaka 1299 Hijria, yenye picha ya mizani, watakuambia ni ya 1882 na utarudi nayo nyumbani. Ikiwa ni ya Kilwa, kazi ya detekta kwenye kona hiyo ya shamba inakuwa imesimama mpaka wataalamu waje waitazame.